Ukibadili uso wa gari, usilizibe pua

Katika soko la samaki la Kashikishi, jirani kabisa na mji wa Nchelenge, gari la mizigo hupimwa kwa mambo mawili: linabeba kiasi gani na linafika lini. Hakuna mnunuzi wa Kitwe wala wa Lubumbashi anayeongeza bei kwa sababu samaki wake wameletwa na gari lenye uso unaong'aa. Hata hivyo, wenye magari ya zamani katika ukanda wetu wamependa sana kung'oa shoo ya mbele iliyochakaa na kupachika mpya, yenye nikeli, taa ndogondogo na jina la kampuni kwa herufi kubwa. Gari la miaka 20 linarudi kutoka gereji limekuwa kijana.

Sina ugomvi na anayependa gari lake. Ninachosema ni kwamba kwa mfanyabiashara wa mpakani, shoo ni kifaa cha kazi kama tairi na breki, na inunuliwe kwa vipimo vya kazi. Anayeichagua kwa macho tu anaweza kupoteza mzigo mzima wa samaki kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Tuelewane kwanza kuhusu jina, maana tunaishi katika soko moja lenye lugha nyingi. Ule uso wenye matundu ulio kati ya taa za mbele, ndio mafundi wa Dar es Salaam wanaouita shoo. Nairobi utasikia grili. Ukivuka Ziwa Mweru kwenda Kilwa ya Kongo (si ile Kilwa yetu ya mkoa wa Lindi) au ukipanda hadi Pweto, fundi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa ataiita kalandre. Wote wanazungumzia kitu kimoja. Ukiagiza kwa simu kutoka nchi nyingine, taja majina yote, kisha tuma picha.

Kazi ya kitu hicho ni kupitisha hewa. Nyuma yake ipo rejeta, na kwa magari yenye kiyoyozi ipo pia kondensa mbele ya rejeta. Maji ya moto yanayotoka kwenye injini hupita katika mirija myembamba ya rejeta, hewa ya nje ikapita kati ya mapezi yake na kuondoa joto. Gari likienda kasi kwenye lami, mwendo wenyewe husukuma hewa ndani. Likienda polepole, au likipanda mlima na mzigo, feni ndiyo huvuta. Kwa vyovyote, hewa hiyo lazima ipite kwanza kwenye matundu ya shoo. Ukiyapunguza matundu, umelibana gari pua.

Kwa nini ninaizungumzia Nchelenge? Kwa sababu njia za kutoka pale hazina huruma na gari lenye pumzi fupi. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mwambao wa Mweru ni mahali ambapo kipande hicho huonekana mapema.

Njia ya kwanza inashuka kusini ikifuata bonde la Luapula: Mwansabombwe, Mwense, hadi Mansa, safari ya zaidi ya kilomita 200 kabla hujaanza kuutafuta Mkoa wa Copperbelt. Ya pili inaacha bonde huko Mbereshi na kupanda uwanda wa juu hadi Kawambwa, halafu inaelekea Luwingu na Kasama, na mwisho Nakonde mkabala na Tunduma. Ziwa Mweru liko zaidi kidogo ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na Kawambwa iko juu zaidi kwa mamia ya mita. Gari lililopakia samaki wabichi kwenye barafu hupanda mlima huo kwa gia ndogo, injini ikiunguruma, mwendo ukiwa mdogo. Hapo upepo wa mwendo haupo. Kuna feni, na matundu uliyoiachia.

Kwa kawaida injini haifi ghafla. Mshale wa joto unapanda kidogo, dereva anasema ni jua la Oktoba. Safari ya pili unapanda tena. Siku moja gasketi ya silinda hedi inaungua au hedi yenyewe inapinda, gari linasimama, na barafu haisubiri fundi. Chisense wakavu, wale dagaa wadogo wanaoanikwa mchangani ufukweni, wanaweza kuvumilia siku mbili za kukwama iwapo mvua haijawakuta. Samaki wabichi hawavumilii. Anayeumia kwanza mara nyingi si mwenye gari. Ni mama aliyekodi nafasi ya matenga matatu, kwa mtaji wa kikundi cha akiba, na ambaye hakuulizwa rangi ya shoo. Wala asitegemee bima: Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo wengi mnaibeba mkivuka mipaka, hulipa madhara aliyopata mtu wa tatu barabarani. Hainunui injini wala samaki walioharibika.

Sasa tuje sokoni. Soko la vipuri la ukanda huu ni kubwa kuliko mipaka yetu. Mtu wa Nchelenge anaweza kupata shoo iliyopitia Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, na kabla ya hapo ilitoka kwenye magari yaliyokatwa Japani au kwenye yadi za Sharjah. Huu ndio utangamano unaofanya kazi bila kusubiri mkutano wa marais. Lakini soko hili lina mitego miwili ambayo muuzaji huwa haitaji asipoulizwa.

Mtego wa kwanza ni herufi za modeli. Wengi huagiza kwa kutaja herufi zilizo kwenye kibati cha chasisi na kudhani wamemaliza. Chukua Land Cruiser pikapu ya HZJ79, gari linaloheshimika kuanzia migodini hadi mashambani. Ilianza kutoka mwaka 1999 ikiwa na pua nyembamba. Mwaka 2007 Toyota iliupanua uso wake wote, boneti na mapanga ya mbele yakiwemo, ili familia ya magari hayo ipokee injini kubwa zaidi. Herufi ni zilezile, injini ya dizeli ya lita 4.2 ni ileile, lakini shoo ya kabla ya 2007 na ya baada yake haziingiliani. Mwaka 2023 kiwanda kikabadili uso tena na kurudisha taa za mviringo, na ndiyo sura ambayo wengi sasa wanataka kuivalisha pikapu ya zamani. Kwa hiyo taja herufi, taja mwaka, na pima upana kati ya tundu la skrubu la kushoto kabisa na la kulia kabisa. Ukiambiwa "itaingia tu, fundi atakata kidogo", ujue kitakachokatwa ni gari lako.

Kwa wenye Canter na Isuzu NPR hali ni tofauti kidogo. Kabini imekaa juu ya injini, na rejeta imejificha chini, nyuma ya bampa. Shoo ya juu kwa sehemu kubwa ni sura, na hewa nyingi hupita kwenye matundu ya chini. Mwenye Canter anaweza kubadili shoo ya juu bila madhara makubwa, kisha akaharibu kila kitu kwa kufunga ubao wa maandishi, kibao kikubwa cha namba au ngao pana ya bati mbele ya bampa. Kabla hujafunga chochote mbele ya gari, chuchumaa uangalie rejeta iko wapi.

Mtego wa pili ni taa, na huu unatuhusu sisi wa mpakani kuliko mtu mwingine yeyote. Katika magari mengi shoo huuzwa pamoja na taa zake kama seti moja. Taa za mbele hazitazami sawa. Katika nchi inayoendesha kushoto, mwanga wa chini hutengenezwa uinuke upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara, ili usimwingie machoni anayekuja. Katika nchi inayoendesha kulia, kinyume chake. Japani inaendesha kushoto kama Zambia. Umoja wa Falme za Kiarabu unaendesha kulia. Maana yake, seti iliyong'olewa kwenye gari la Sharjah, hata ikiwa halisi ya kiwandani na ikaingia bila kukwaruza, itamwangazia machoni kila dereva utakayepishana naye usiku kati ya Nchelenge na Mansa. Katika barabara yenye watembea kwa miguu, baiskeli zilizopakia samaki na mbuzi wasio na mwenyewe, dereva aliyepofushwa kwa sekunde mbili anatosha kuleta msiba.

Na usidhani jambo hili ni la Zambia peke yake. Katika nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni Kenya, Uganda na Tanzania tu zinazoendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Somalia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga mwaka 2022, zinaendesha kulia. Mfanyabiashara wa Luapula anayewahi Mufulira kupitia daraja la Levy Mwanawasa pale Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, hukatiza kilomita zipatazo 70 za ardhi ya Kongo hadi Mokambo kisha anarudi Zambia. Katika safari moja anahama upande wa barabara mara mbili. Taa za kawaida hazifai pande zote mbili kikamilifu. Kanuni yangu ni hii: gari livae taa za nchi linakosajiliwa na kutembea zaidi, na likivuka, dereva ashushe mwanga na apunguze mwendo. Seti ya taa za upande usio wako usiinunue hata kwa nusu bei.

Kuna jambo la tatu, la karatasi. Kinachotambulisha gari ni namba ya chasisi, ikifuatiwa na namba ya injini, aina na rangi zilizoandikwa kwenye hati ya usajili. Shoo haimo. Lakini ofisa wa mpakani ni binadamu, naye huanza na macho. Akikuta kadi inasema gari ni la mwaka 2004 na uso unasema 2018, ana haki ya kuuliza. Umri wa gari ni suala la fedha na sheria katika ukanda huu: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kuanzia 2018, na kwingine umri huongeza kodi. Tena magari ya wizi hubadilishwa sura kabla ya kuvushwa, na kila ofisa analijua hilo. Kwa hiyo unayebadili uso, tunza risiti ya shoo na ya fundi, piga picha ya gari kabla na baada, na ile ya zamani usiitupe mpaka umezoeleka njiani. Bahasha moja ndani ya gari inaweza kukuokolea nusu siku. Kwa mwenye samaki wabichi, nusu siku ni mtaji.

Nawajua watakaonijibu kwamba gari lenye uso uliovunjika husimamishwa kwenye kila kizuizi cha polisi, na mteja humwamini zaidi mwenye gari nadhifu. Ni kweli. Shoo iliyopasuka ina hatari zake pia: jiwe la barabara ya changarawe hupita moja kwa moja hadi kwenye rejeta, na kipande kinachoning'inia kinaweza kuvutwa na feni. Ndiyo maana sisemi mtu akae na uso uliovunjika. Nasema pesa ileile ya shoo ya nikeli yenye matundu madogo, mara nyingi inatosha kupata iliyotumika ya kiwandani, nyeusi, iliyo nzima. Haitapigiwa picha, lakini itapitisha hewa kama mtengenezaji alivyokusudia, na vishikio vyake vitakaa mahali pake.

Wengine watasema haya ni mambo ya fundi. Fundi mzuri ni baraka, lakini fundi hulipwa gari likitoka gereji, na wewe hulipwa gari likifika sokoni. Kazi yenyewe si ya siri, na ukisimama karibu utaona kama imefanywa. Gari ndogo huchukua muda mfupi: boneti inafunguliwa, kama shoo ina nyaya, waya hasi wa betri unatolewa kwanza, skrubu na klipu za juu zinatolewa, zile za chini zinabonyezwa kwa bisibisi bapa, shoo inavutwa mbele kwa mikono miwili. Plastiki iliyopigwa jua miaka 15 hukatika kama biskuti, hivyo nunua klipu mpya kabla ya kuanza. Usikubali ifungwe kwa waya na gundi.

Shoo ikiwa chini, una nafasi ambayo huipati kila siku: rejeta iko wazi mbele yako. Mbegu za majani, wadudu wa usiku na vumbi jekundu lililokauka hujaza mapezi yake hata kama shoo yenyewe ni safi. Mwambie fundi asubiri injini ipoe, kisha aoshe kwa maji ya nguvu ndogo, akianzia upande wa injini kutoka nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Mashine ya presha hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa. Vile vipande vya plastiki vya pembeni vinavyoielekeza hewa kwenye rejeta virudishwe, visiachwe sakafuni kwa kuitwa takataka. Kama umezoea kuweka wavu wa kuzuia mbegu, uwe wa kutoka kwa urahisi, na usafishwe kila unapojaza mafuta. Kama shoo ina taa, uliza umeme: pikapu nyingi ni volti 12, malori mengi ni 24, na taa isiyolingana inaungua au inaunguza.

Mwisho jaribu. Laza shoo mbili chini, ya zamani na mpya, ulinganishe matundu. Kama mpya ina nafasi ndogo, irudishe dukani. Kwa gari lenye feni inayozungushwa na injini, likiwa linanguruma na halitembei, weka karatasi mbele ya shoo, uone kama inavutwa na kubaki imeganda. Kisha panda mlima unaoujua, na mzigo wa kawaida, ukitazama mshale wa joto. Ukizidi pale ulipozoea kukaa, tatizo umeshaliona, tena ukiwa karibu na nyumbani.

Serikali nazo zina sehemu yake. COMESA, EAC na SADC zina mpango wa pamoja wa kuoanisha masharti ya usafiri, na eneo huru la biashara la jumuiya hizo tatu lilianza kutumika rasmi Julai 2024. Ningependa mezani kuwe na mambo mawili madogo. Kwanza, kila seti ya taa iliyotumika inayoingia bandarini iandikwe wazi kama ni ya kuendesha kushoto au kulia, kwa rangi isiyofutika. Pili, kituo cha ukaguzi wa magari kimpe mwenye gari karatasi moja inayotaja mabadiliko ya sura yaliyokaguliwa, na karatasi hiyo iheshimiwe upande wa pili wa mpaka. Hayo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji ofisa aliyewahi kumwona mchuuzi akilia kando ya matenga yanayotiririka maji.

Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Mweru husimamishwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Wavuvi hutumia miezi hiyo kushona nyavu, na wenye magari hupeleka magari gereji. Ukifika wakati huo na ukaona uso wa gari lako umechoka, ubadilishe bila aibu. Ila kabla ya kulipa, simama mbele ya boneti iliyo wazi, uitazame rejeta yako, na umwombe muuzaji akuonyeshe hewa itapita wapi.